Pleti Namba Niliyoisahau Kwenye Gemu

Marahaba, wanangu. Rajabu amenifikishia salamu zenu, na ameniomba nije ofisini pale Isevya niwaeleze nilivyofanya kazi. Nimeona heri niandike. Nikisimama mbele yenu nitawachekesha, nitawasimulia habari za Wabelgiji na namba zao nyekundu, halafu nitairuka sehemu ya aibu na kurudi zangu nyumbani mtaa wa Ng'ambo nikiwa nimejisifu. Karatasi hainipi nafasi ya kukwepa.

Mimi ni Kalunde. Kwa miaka saba nilichora pleti namba za magari ya Ulaya kwenye gemu la kuendesha malori, hilo hilo mnalolifanyia kazi ninyi. Mnajua lilivyo: mchezaji anapakia mzigo bandarini, anavuka nchi hadi nchi, na kila gari analopishana nalo lazima liwe na namba ya nchi yake, imekaa inavyotakiwa. Wachezaji wengi ni madereva wa kweli, na wale hawasamehe. Mimi Ulaya sijafika. Mbali kuliko kote nilikofika ni Mwanza, kwa basi, na nilitapika kuanzia Shinyanga.

Kabla ya kompyuta nilikuwa fundi wa vibao vya bati. Nilijifunzia kwa Mzee Idi, aliyekuwa na karakana upande wa stesheni ya Tabora, mtu mfupi, mkimya, asiyevua kofia hata akiwa amejipinda chini ya mashine ya kugongea herufi. Herufi zake za chuma alizifunga kila moja kwenye kitambaa chake, akazipanga kwenye droo kama meno ya bandia. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi pwani, na Mzee Idi alipenda kusema kwamba siku zile mzigo ulijulikana kwa alama yake, hata mwenyewe akiwa amekufa njiani.

Alinifundisha jambo moja ambalo nawaachia bure. Ukimaliza kibao, kiegemeze ukutani, rudi nyuma hatua kumi, kisome kwa sauti kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

"Ukianza mwanzo," alisema, "jicho linajua linakokwenda. Linakusomea ulichotaka kuandika. Anza mwisho, likose pa kukimbilia."

Siku moja sikurudi nyuma hatua kumi. Kulikuwa na lori la pamba la mtu wa Igunga, lilihitaji vibao vipya viwili, na mwenye lori alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa. Cha nyuma nilikigonga sawasawa. Cha mbele nikagonga sita mahali pa tisa. Lori likaondoka. Kesho yake mchana ikaja habari kwamba limezuiwa Nzega, kwa sababu mbele linaitwa hivi na nyuma linaitwa vile, na dereva anashukiwa kuwa mwizi.

Nilidhani Mzee Idi atanipiga. Aligonga kibao kipya mwenyewe, akakifunga kwenye gazeti, akanipa.

"Panda basi."

"Mzee, si tungempa kondakta akipeleke?"

"Kondakta ndiye aliyekosea?"

Nikapanda. Njia nzima nilikuwa nimekipakata kibao kama mtoto mgonjwa, nikikifungua na kukisoma kuanzia mwisho. Dereva nilimkuta amekaa chini ya tela, kwenye kivuli cha mzigo wake, Msukuma wa makamo aliyeitwa Masanja. Nilipiga magoti, nikamwambia mimi ndiye niliyekosea.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi nilidhani ni mashine."

Hadi leo sijui kama alinitukana au alinisamehe. Lakini tangu siku ile sijaweza kuona namba ya gari nikaona bati tu. Naona mtu amekaa nyuma yake. Hiyo si sifa, wanangu, ni ugonjwa. Barabarani nasoma namba za watu mpaka kichwa kinauma.

Miaka ikapita. Kugonga vibao kukawa kazi ya mashine mpya na watu wenye vibali vyao, Mzee Idi akatangulia mbele ya haki, nami nikabaki nachora mabango ya saluni na maduka ya dawa. Hapo ndipo Rajabu huyu wenu aliponifuata. Alikuwa amemaliza chuo, amepata kazi kutoka kampuni moja ya gemu huko nje, na pleti walizokuwa wamezichora yeye na wenzake zilikuwa zimekataliwa mara mbili. Alinionyesha kwenye simu.

"Mama Kalunde, hizi zina kasoro gani? Vipimo ni vile vile. Rangi ni ile ile."

Niliziangalia kidogo tu. "Hizi hazijagongwa."

"Kivipi?"

"Bati likigongwa, herufi inainuka. Kingo zake zinakuwa na mabega, na mwanga unakaa juu ya bega, kivuli kinashuka chini. Hizi zako zimelala kama stika kwenye chupa ya juisi."

Kesho yake alinipa kiti. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na sijawahi kushika kipanya. Wiki ya kwanza nilikuwa nakiinua juu hewani mshale ukinishinda, na Salome aliyekaa meza ya pili akijificha nyuma ya skrini yake acheke. Salome ni binti wa Sikonge, familia ya Kimoraviani, wakulima wa tumbaku na warina asali. Yeye alikuwa akichora malori yenyewe, miili na rangi zake, mimi nabandika namba. Baadaye ndiye aliyenifundisha kila kitu, bila kunichoka, akiniita Shangazi.

Makosa yangu ya mwanzo mnaweza kuyacheka. Niliona namba za Ubelgiji ni nyekundu kwenye nyeupe, nikasema huyu aliyenipa mfano amekosea wino, nikazibadilisha zote ziwe nyeusi. Mamia. Ines akatuandikia kwa upole sana kuuliza Wabelgiji wamenikosea nini. Ines ndiye mwanamke wa kampuni aliyetusimamia kutoka huko huko Ulaya. Tulikuwa tukimwona kwenye video, Rajabu akitafsiri pale Kiingereza changu kilipoishia. Uhispania nikajaza herufi tatu za mwisho kwa majina ya wajukuu, nikimkata Asha herufi moja ili atoshe. Zikarudi zote. Kule tarakimu ni nne, herufi ni tatu, na irabu hakuna hata moja, maana hawataki gari litembee limeandikwa neno. Nikajifunza kwamba Mjerumani wa mji mkubwa anaweza kuwa na herufi moja tu mbele, na wa wilaya ndogo akapewa tatu, na kwamba kuna vistika vya mviringo katikati ambavyo huwezi kuvisahau. Uholanzi njano mbele na nyuma. Mwingereza nyeupe mbele, njano nyuma. Na tela la Mwingereza halina namba yake lenyewe, linavaa ya kichwa kinacholivuta, kama mke aliyechukua jina la mume. Ukilipa namba tofauti, madereva wa kule wataandika malalamiko mpaka uumwe tumbo.

Hayo yote yamo kwenye vitabu vyenu vya maelekezo. Kuna sheria moja nayo imo, na mnaipita haraka kwa sababu inaonekana ya kijinga: usinakili namba ya gari la kweli. Ines alikuwa ametupa kwa kila nchi herufi ambazo hazijawahi kutolewa. Unafuata umbo la nchi, lakini unatumia herufi ambazo hakuna mtu anazo. Kwa hiyo gari la gemu linafanana na la kweli na halina mwenyewe.

Sasa nafika nilipotaka kuruka.

Ilikuwa wiki ya Poland. Tulikuwa na malori mengi ya kumaliza, na umeme ulikuwa unakatika kila siku mchana bila taarifa. Betri ya akiba ilikuwa inatupa dakika chache tu, inalia *pi, pi, pi*, nasi tunahifadhi kazi mbio mbio. Pleti ya Poland ni nyeupe, ina utepe wa bluu kushoto, herufi za mkoa na wilaya, nafasi, halafu zinazofuata. Ile nafasi ndiyo ilikuwa inanisumbua. Sikujua iwe pana kiasi gani. Basi nikachukua picha ya lori la kweli tuliyokuwa nayo ya mfano, lori la bluu lenye mstari wa njano ubavuni, nikaandika namba yake vile vile ilivyo, ili nilinganishe nafasi kwa nafasi. Nilipanga nikishapima niifute niweke ya kubuni.

Betri ikaanza kulia. Nikahifadhi. Umeme ukarudi baada ya muda, Rajabu akasema, "Jamani, tumeni mlichonacho, mtandao nao unakaribia kukatika." Nikatuma faili zote. Sikurudi nyuma hatua kumi. Kwenye kompyuta mtu anarudi wapi nyuma, mgongo uko ukutani?

Salome naye, bila kujua, alikuwa ametumia picha ile ile kupaka lori lake rangi. Bluu, mstari wa njano. Nembo ya mwenye mali aliiondoa kama tulivyoagizwa, lakini rangi si siri ya mtu. Kwa hiyo lori la yule mtu likaingia kwenye gemu zima zima, ngozi yake na namba yake, na likatembea humo miezi mingi hakuna aliyeliona.

Jumatatu moja asubuhi Rajabu alikuja na uso uliokunjamana. Alisoma ujumbe wa Ines kwa sauti. Kuna klipu imesambaa kwenye simu za watu Poland. Inaonyesha lori la bluu likilipita gari jingine kwenye kona, mvua inanyesha, linasukuma gari dogo hadi nje ya barabara na kuendelea na safari. Klipu inatikisika, imerekodiwa kwa simu, haionekani vizuri, ila namba inasomeka. Mwenye lori hilo ameiona. Dereva wake, mtu anayeitwa Marek, amesimamishwa kazi. Marek anaapa hajagusa gari la mtu, na kuna kijana wa ukoo wake anayesema ile ni gemu, mtu amerekodi skrini. Mwenye lori anauliza, gemu lingepataje namba yangu na rangi zangu? Kampuni ya gemu nayo inajiandaa kumjibu kwamba namba zake zote ni za kubuni, haiwezekani. Kabla ya kujibu, kila ofisi ithibitishe.

"Haya," alisema Rajabu. "Salome?"

"Mimi sichori namba."

"Mama Kalunde?"

"Zangu ni safi," nikasema.

Nilisema kabla sijafikiri, wanangu. Nawaapia. Ilitoka kama mtu anavyojibu salama akiwa anaumwa. Ndipo Rajabu akaigeuza kompyuta tuione namba yenyewe, na mimi nikaisoma kuanzia mwisho.

Niliijua. Ile nafasi baada ya herufi za mwanzo nilikuwa nimeitazama saa nzima. Nikainamia kikombe changu cha chai wasinione uso.

Nilingoja watoke kwenda kula. Nikafungua faili langu la kazi. Ilikuwemo, na tarehe, na picha ya lori pembeni yake. Nikaweka mshale juu yake. Kubonyeza mara mbili tu, na isingejulikana kamwe ilitoka kwenye meza ya nani. Kwenye gemu kampuni ingeiondoa kimya kimya kwa marekebisho yanayofuata, na wangesema ni bahati mbaya, mashine imebuni namba ikaangukia ya mtu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Salome akarudi amesahau simu yake.

"Shangazi, hujala? Nikuletee chapati?"

"Niletee," nikasema, nikalifunga faili bila kufuta.

Chapati ile niliimega nikaiweka kwenye mfuko. Nilikaa siku tatu namna hiyo. Nyumbani nilimwaga chumvi kwenye chai. Nikiswali narudia rakaa, sijui niko ya ngapi. Nilijiambia Marek ana chama chake cha madereva, ana mwanasheria, nchi zao zina kamera kila nguzo, ataonekana tu kwamba siku hiyo hakuwepo. Halafu nikajiuliza siku ipi? Klipu ya gemu haina siku. Hakuna kamera inayoweza kuthibitisha kwamba hukuwepo mahali pasipokuwepo. Kitu pekee duniani kinachoweza kueleza namba ile imeingiaje kwenye gemu kilikuwa kwenye kompyuta ya mwanamke wa Ng'ambo, Tabora, naye alikuwa amesema zangu ni safi.

Alhamisi asubuhi nilimwita Rajabu nje, kwenye ngazi.

"Ile namba ni mimi," nikasema. "Niliiandika kupima nafasi, nikaisahau."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa alikaa kwenye ngazi.

"Mama, umeshamwambia nani?"

"Wewe."

"Basi subiri. Nakuomba. Jumatatu nimewaandikia kwamba hapa hakuna tatizo, kwa jina langu. Tukigeuza neno leo watatufungia. Mimi nitarudi kuuza vocha, sawa. Salome je? Anasomesha wadogo zake wawili."

"Najua."

"Tungoje wiki moja. Labda litaisha lenyewe huko."

"Likiisha vibaya?"

"Mama, yule ni Mzungu, ana nchi inayomlinda. Sisi nani anatulinda?"

Nikamwambia kitu kimoja tu nilichokuwa nacho. "Rajabu, mwenzetu yuko nyumbani kwake amekaa. Watoto wake wanamuuliza mbona hujaenda kazini. Anasema sikufanya, nao wameona kwenye simu kwamba amefanya."

Alijifuta uso kwa viganja viwili. Akatazama bodaboda zinazopita pale chini. Kisha akasimama.

"Ukishasema hutaweza kurudisha," alisema.

"Ndiyo maana nimekwambia wewe kwanza. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini sikutaka uyasikie haya kwa mtu mwingine."

Akapiga simu ya video hapo hapo. Ines alikuwa anakunywa kahawa. Nilizungumza Kiswahili, Rajabu akatafsiri sentensi kwa sentensi. Nilieleza nafasi, picha, betri, faili. Nikaeleza pia Jumatatu, kwamba niliulizwa nikasema safi. Rajabu alisita hapo. Nikamwambia, "Tafsiri." Akatafsiri.

Ines hakupaza sauti. Aliweka kikombe chini, akauliza maswali mawili: faili lenyewe lipo bado, na picha ipo? Nikasema vyote vipo na tarehe zake. Akasema, tumeni sasa hivi, msiguse chochote. Akakata.

Zikafuata siku kumi na moja bila neno. Watu wanasema ukishasema ukweli unapata usingizi. Mimi sikuupata. Kuogopa kusema kuliondoka, kukaja kungoja, na kungoja kulikuwa kubaya zaidi kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Salome aliambiwa na Rajabu siku ile ile. Hakunigombeza. Aliendelea kunisalimia shikamoo kila asubuhi, lakini neno Shangazi liliondoka, na chapati hakuniuliza tena.

Siku ya kumi na mbili ujumbe ulikuja, mrefu. Kampuni ilikuwa imempelekea mwenye lori faili langu, picha yangu, na klipu nyingine waliyoirekodi wao wenyewe: kona ile ile, mvua ile ile, lori lile lile likifanya ujinga ule ule, na saa ya gemu ikionekana pembeni. Marek alikuwa amerudi kazini. Mwenye lori alikuwa amemwomba radhi mbele ya madereva wenzake. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu, kuanzia mwisho.

Kisha kulikuwa na sehemu ya pili. Hawakutufungia. Lakini kazi ya kuchora malori waliiondoa Tabora wakaipeleka kwenye ofisi nyingine, na sisi tukabakiwa na namba tu, kila moja kukaguliwa na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Mimi nikapewa onyo la maandishi na pleti zangu zote za miaka ile kuzipitia upya, maelfu, nchi kwa nchi. Sikukuta nyingine. Mimi niliyekosea nikabaki na kiti. Salome aliyechora lori lake bila kosa akakosa kazi.

Nilimwambia Rajabu niondoke mimi, abaki Salome. Akasema ameshauliza hilo; hawataki mchora malori, wanataka mchora pleti. Salome alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni, akatuaga wote kwa mkono, akanipa mkono na mimi pia, akarudi kwao.

Marek mwenyewe hakuniandikia kitu. Na kwa nini aandike? Mtu aliyekukanyaga barabarani akikuondolea mguu humwandikii barua ya shukrani.

Ilinichukua karibu mwaka kwenda Sikonge. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Nilikuwa naogopa mama yake, naogopa wale wadogo zake wawili, kwamba nitawakuta nyumbani mchana wa siku ya shule. Mwishowe nilipanda gari asubuhi, nikashuka barabarani, nikakodi baiskeli inipeleke ndani, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Sikubeba zawadi. Nilifikiria kubeba, nikaona nitakuwa kama nimekwenda kununua kitu.

Nilimkuta uani anachuja asali kwa kitambaa, amefunga kilemba, mikono inanata hadi kwenye viwiko. Madebe yamepangwa ukutani, na kila moja lina lebo aliyoichora mwenyewe. Aliponiona hakusimama, kwa sababu angeimwaga.

"Shikamoo."

"Marahaba, Salome. Wadogo zako?"

"Mmoja yuko shule. Mmoja aliacha, anamsaidia baba kwenye tumbaku. Anasema anapenda. Sijui."

Hilo lilinichoma, na lilistahili. Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima. Nikayasema vibaya.

"Nimekuja kukuomba radhi. Kosa lilikuwa langu, wewe ndiye uliyelipa. Na nilikwenda kusema bila kushauriana nawe. Nilimwambia Rajabu, wewe sikukwambia, na wewe ndiye uliyekuwa na cha kupoteza. Nilipaswa kukuuliza kwanza."

Salome aliendelea kukamua kile kitambaa. Asali ilikuwa inashuka polepole, nyeusi ya miombo, na yeye aliitazama mpaka ikakatika.

"Nimelifikiria sana hilo," alisema. "Kwamba hukuniuliza. Nilikuwa na hasira nalo kuliko hata kazi."

"Una haki."

"Ungeniuliza ningekukataza." Aliinua uso akanitazama. "Ningekulilia, Shangazi. Ningekuletea wadogo zangu ofisini uwaone. Na ungeninyamazia, nakujua, usingeweza kunikatalia. Yule mtu angebaki nyumbani kwake mpaka leo, na mimi ningekuwa najua ni kwa sababu yangu."

Alinawa mikono kwenye beseni, kidole kimoja kimoja.

"Sasa sina kazi ile," alisema, "lakini mzigo huo nao sina."

Kisha akaniuliza kama nimekula.